KUIMBA NDANI YA KOMPYUTA: JE, YATOSHA KUWA RIZIKI?

Muhula huu ulipoanza alinijia mzee mmoja wa hapa Genkuru pamoja na mwanawe aliye Kidato cha Tatu. Kijana mwenyewe ni mpigaji wa iritungu, tena hodari. Alikuwa amesoma habari kwamba wako watu huko Ulaya na Marekani waimbao ndani ya kompyuta, hali wamekaa nyumbani kwao, na wasikilizaji huwatunza fedha. Basi akamwomba baba yake auze ng'ombe mmoja apate kununua vyombo vya kazi hiyo.

Mzee hakukataa wala hakukubali. Aliniambia hivi: "Mwalimu, mimi najua mtu hupewa kitu akipiga iritungu mbele za watu. Sasa huyu ananiambia watu hawapo, lakini wanacheza, na fedha zipo. Nieleze kwanza, ndipo nitakapokwenda zizini."

Sikuweza kumjibu siku ile. Nilijipa majuma mawili ya kusoma na kupiga hesabu, na haya yafuatayo ndiyo niliyomweleza. Nimeyaandika kwa sababu wazazi wengine nao wameuliza, na kwa sababu humo mna masomo ya fizikia, jiografia na hesabu ambayo wanafunzi wetu husema hayana kazi nje ya darasa.

Kwanza natujue ulimwengu wenyewe. Zipo programu nyingi za namna hii, lakini iliyo maarufu zaidi kwa waimbaji wadogo ni ile iitwayo Second Life, iliyofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya mji wa San Francisco, Marekani. Mtu aingiapo humo huchagua kikaragosi, yaani umbo la mtu lililochorwa, nalo ndilo huwa mwili wake. Kikaragosi chatembea, charuka, chavaa nguo, chacheza ngoma. Hakuna mshindi wala mshindwa kama katika bao. Watu hununua viwanja, hujenga nyumba, hufungua maduka na kumbi, nao hukutana humo na kuzungumza, huyu yuko Ujerumani, yule Brazili.

Ulimwengu huo una fedha yake iitwayo Linden dola. Mzee alipofika hapa alicheka, akidhani ni fedha ya watoto ya kuchezea dukani. Nikamkumbusha Sirari. Mtu akivuka kwenda Isebania hubadilisha shilingi ya Tanzania kwa shilingi ya Kenya, naye hapotezi kitu ila kile achukuacho mbadilishaji. Na Linden dola ni vivyo hivyo: lipo soko la kubadilishia, na kwa miaka mingi dola moja ya Marekani imekuwa ikienda kwa Linden dola 250 hivi, wakati mwingine zaidi. Basi fedha ni ya kweli, ila ni ndogo. Anayekutunza Linden dola 100 amekupa senti 40 za Kimarekani.

Sasa wimbo waingiaje humo? Mwimbaji huketi chumbani kwake na ala yake, kipaza sauti na kompyuta. Sauti yake hutumwa kwa intaneti hadi kwenye mtambo wa kukodi uitwao seva, na seva huigawa kwa kila msikilizaji. Wakati huo huo kikaragosi chake husimama jukwaani kikishika gitaa la kuchorwa. Karibu naye huwekwa chungu au kopo, na msikilizaji apendaye hubonyeza hapo na fedha huingia. Mwenye ukumbi naye aweza kumlipa mwimbaji kwa kila onyesho, kwa kuwa ukumbi wenye watu humpa sifa.

Wengine husema kuimba pasipo mwili ni jambo geni kabisa. Mimi sioni hivyo. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay na wenzake, wakaimba mbele ya mtambo wa kampuni ya His Master's Voice, na santuri zao zikasikika katika mikahawa ambayo yeye hakuitia mguu. Na tangu mwaka 1951, redio ilipoanza kutangaza kutoka Dar es Salaam, sauti ya mwimbaji imekuwa ikifika penye watu asiowaona. Lakini katika santuri na redio msikilizaji hakuwa na njia ya kumpa mwimbaji kitu mkononi mle mle wimbo ukiendelea. Wa santuri alilipa dukani, na wa redio hakumlipa mwimbaji hata kidogo. Hapo ndipo ulimwengu huu wa kompyuta ulipoleta jipya, nalo kwetu ni la zamani: umerudisha kutunza.

Kila aliyehudhuria taarabu amemwona mama akiinuka kitini, noti mkononi, akaenda akicheza hadi kwa mwimbaji. Jirani zetu Wajaluo wana pakruok, ambapo msikilizaji husimamisha muziki, hujisifu au humsifu rafiki yake, na kwa kila sifa hutoa fedha. Mpigaji wa nyatiti ajuaye majina ya watu, na koo zao, na ng'ombe wao, harudi nyumbani mikono mitupu. Huku kwetu Ukuryani nako, nani asiyejua kwamba mpigaji wa iritungu akikutaja mbele za watu, mkono wenyewe wakimbilia mfukoni?

Basi katika Second Life kila kikaragosi chaingia ukumbini na jina lake likielea juu ya kichwa. Mwimbaji huliona. Waimbaji wa huko huweza kulitaja wakimkaribisha mtu, kisha huendelea. Nilimwambia kijana kwamba, kwa maoni yangu, hiyo ndiyo mali aliyo nayo kuliko wale wenye magitaa: wao hawakulelewa katika kumsifu mtu kwa jina papo kwa papo, na yeye amelelewa humo. Hata kama msikilizaji hajui neno moja la Kikurya, jina lake atalisikia.

Baba yake aliposikia hayo nadhani alianza kumhesabu ng'ombe kuwa amekwisha toka. Lakini sikuwa nimemaliza.

Natutazame ukubwa wa ukumbi. Katika Second Life nchi yote imegawanywa katika viwanja vya mraba, na kila kimoja huendeshwa kwa sehemu yake ya nguvu za kompyuta. Vikaragosi vikizidi, mambo hukwama, kwa hiyo kiwanja hupokea watu makumi tu, na kwa kawaida hawazidi 100. Mwimbaji mwenye wasikilizaji 30 amepata hadhira nzuri. Ni watu wachache kuliko wanaokaa katika darasa moja la shule yetu.

Hapo kijana alinikatiza. Alikuwa amesoma kwamba mwimbaji Travis Scott wa Marekani aliimba katika mchezo wa Fortnite mwezi Aprili 2020, na watu zaidi ya milioni 12 wakawamo kwa wakati mmoja. Ni kweli. Na mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla yake, mwezi Februari 2019, Marshmello alifanya onyesho humo humo nao wakapita milioni 10. Lakini onyesho la 2020 lilikuwa limetengenezwa kabla kwa miezi, likachezwa katika nakala nyingi sana, na katika kila nakala mlikuwamo watu makumi tu. Mwimbaji mwenyewe hakuwa akiimba saa ile. Tena, watu wa namna hiyo hualikwa na kampuni kwa sababu wamekwisha kuwa mashuhuri nje. Hata Second Life ilipata wageni wake wakubwa: Suzanne Vega aliimba humo mwezi Agosti 2006, na mwaka 2007 okestra ya Royal Liverpool Philharmonic ilipiga humo. Hao hawakwenda kutafuta chakula cha jioni. Walikwenda kutangaza jina. Kijana wetu yuko katika kundi lile jingine, la watu wa kopo jukwaani.

Sasa fizikia. Kijana alitaka kumchukua rafiki yake aliyeko Mwanza apige ngoma, yeye apige iritungu, kila mmoja nyumbani kwake. Jambo hili halitawezekana vizuri, na sababu yake ni hii. Sauti hewani husafiri meta 340 hivi kwa sekunde. Wapigaji wawili wakikaa meta 10 mbali, kila mmoja humsikia mwenzake akiwa amechelewa karibu sehemu 3 za 100 za sekunde, na hapo tayari huanza kuona taabu ya kwenda pamoja. Mwanga ndani ya uzi wa kioo chini ya bahari husafiri kilometa 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka kwetu hadi San Francisco ni karibu kilometa 15,000 kwa mstari mfupi kabisa, nao waya haufuati mstari huo. Gawanya 15,000 kwa 200,000: wapata sehemu 75 za 1,000 za sekunde, kwenda tu, bado kurudi, bado foleni ya mitambo njiani. Rafiki wa Mwanza yuko karibu, lakini habari zao zaweza kuzunguka katika mitambo ya mbali kabla ya kukutana. Waya wa kwanza wa namna hii ulioanza kazi katika pwani ya Afrika ya Mashariki ulikuwa wa SEACOM, mwaka 2009. Kabla ya hapo tulitegemea satelaiti, na kuchelewa kulizidi sana.

Ndiyo maana karibu waimbaji wote wa kule huimba peke yao, au juu ya muziki uliokwisha rekodiwa. Hapa pia iritungu lina bahati, kwani mtu mmoja hulipiga na kuimba, na ngoma imekamilika.

Ila kuchelewa kuna ubaya mwingine, na huu naona ndio utakaomwumiza zaidi kijana huyu. Sauti ikipitia seva huwafikia wasikilizaji baada ya sekunde 10, au 20, au hata zaidi. Akipiga pale penye utamu, hatasikia vigelegele. Baada ya nusu dakika, akiwa amekwisha fika penginepo, ataona maandishi kwenye kioo: mtu fulani anapiga makofi. Miguu ya wachezaji itacheza, lakini ni kompyuta inayoichezesha, nayo haifuati nyuzi zake. Iritungu huongozwa na miguu ya watu. Mpigaji hutazama vumbi lao ndipo ajue aongeze au apunguze. Nilimwuliza kama ataweza kupiga saa nzima bila vumbi. Alikaa kimya kidogo, akasema atazoea.

Jambo la saa nalo si dogo. Second Life hutumia saa ya California. Sisi tumewatangulia watu wa huko kwa saa 11 wakati wa baridi yao, na saa 10 wakati wa joto. Jioni yao ya saa 1, wakati kumbi zinapojaa, kwetu ni saa 12 asubuhi au saa 11 alfajiri ya siku inayofuata. Basi mwanafunzi atakayewaimbia Wamarekani ataimba jogoo wakiwika, kisha akimbilie gwaride la asubuhi. Akiwataka Waingereza wa saa 2 usiku, kwetu itakuwa saa 4 au saa 5 usiku, wakati wa kulala. Nimewahi kufundisha wanafunzi waliokesha, nao hutikisa kichwa kwa kila swali. Tena sheria za Second Life zenyewe huwaruhusu vijana wa miaka 16 na 17 sehemu chache tu, na kumbi nyingi hazimo.

Kuhusu vyombo, tulifanya jaribio katika chumba cha walimu. Kijana alileta iritungu lake, lile la nyuzi nane, nasi tukalisikiliza kwa simu, mwalimu mmoja akiwa nje uwanjani. Nyuzi nyembamba zilisikika. Zile nene, ambazo kwenye kifua cha msikilizaji hugonga kama moyo wa pili, zilipotea karibu zote. Simu tangu zamani ilitengenezwa kwa maneno ya watu: njia yake ya kawaida ilichukua mitetemo ya kiasi cha 300 hadi 3,400 kwa sekunde, na iliyo chini ya hapo iliachwa. Siku hizi simu na programu nyingi za kuzungumza huongeza jambo jingine: hukisia kipi ni maneno na kipi ni kelele, na kelele huifuta. Ala yetu ilihesabiwa kuwa kelele! Mwalimu wa nje aliporudi alisema amesikia "kama mtu anachokoa meno." Lakini tuliporekodi kwa programu isiyofuta kelele, kisha tukasikiliza kwa spika kubwa ya shule, nyuzi nene zilirudi. Kwa hiyo kipaza sauti kizuri na njia nzuri ya kutuma si anasa kwa mpigaji wa iritungu. Bila hivyo ataonyesha nusu ya ala.

Basi tukafika penye hesabu, na mzee akasogeza kiti.

Natuseme ng'ombe atauzwa shilingi 900,000, na zote zitaishia katika kompyuta iliyotumika, kipaza sauti na vikorokoro vyake. Natuseme kijana ataimba mara 2 kwa juma, saa 1 kila mara, ndiyo mara 8 kwa mwezi. Kila mara awapate wasikilizaji 24, na nusu yao wamtunze Linden dola 100 kila mmoja: hizo ni 1,200. Mwenye ukumbi ampe 1,000. Jumla ni Linden dola 2,200, yaani dola 8 na senti 80 kwa kiwango cha 250. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, amepata shilingi 22,000. Kwa mara 8 ni shilingi 176,000.

Mzee alisema, "Si haba." Nami nasema si haba. Walakini matumizi bado. Kutuma sauti kwa kiasi cha kilobiti 128 kwa sekunde hula megabaiti 57.6 kwa saa (wanafunzi wazidishe kwa 3,600 na kugawanya kwa 8 waone wenyewe), na kuuonyesha ulimwengu ule kwenye kioo hula zaidi ya hapo, tena mazoezi na kuzunguka kutafuta kumbi navyo vyataka bando. Natuweke shilingi 60,000 za bando kwa mwezi, 25,000 za kukodi seva, na 11,000 za ada za kubadilisha na kutoa fedha. Jumla ni 96,000. Zimebaki 80,000.

Gawanya 900,000 kwa 80,000. Ni miezi 11 na siku chache kabla ng'ombe hajarudi, tena kwa mwimbaji ambaye hakukosa hata siku moja, ambaye umeme haukumkatikia, na ambaye tangu mwezi wa kwanza alikuwa na wasikilizaji 24. Wengi huanza na 3 au 4, na hao ni waimbaji wenzao waliokuja kuwaonea huruma.

Mzee alifikiri, kisha akasema, "Kwa miezi hiyo yeye mwenyewe angekwisha zaa."

Kijana alijibu kwa adabu, nami nilipenda jibu lake. Alisema, "Tata, ndama naye ataliwa au atauzwa. Mimi nikijulikana, wataniita harusini na kwenye matamasha, hata Nairobi." Na hapo hakukosea. Nilivyosoma, wengi wa kule hawaishi kwa kopo pekee. Huuza nyimbo zao, huitwa kwenye kumbi za kweli, hufundisha ala, au wana kazi nyingine mchana. Kumbi za kompyuta kwao ni shamba la pili, lile la mihogo, ambalo halimtajirishi mtu lakini laongeza chungu.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililokaribia kuvunja kikao. Fedha zitafikaje Genkuru? Linden Lab hulipa kwa njia kama PayPal. Kwa miaka mingi mtu wa Tanzania aliweza kutuma fedha kwa PayPal, lakini kupokea hakuweza. Kenya ni tofauti: mwaka 2018 PayPal na Safaricom waliunganisha njia zao, hata mtu akaweza kuzitoa fedha katika M-Pesa ya Kenya. Ng'ambo ya Sirari, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka mpakani, mlango uko wazi, na upande huu mtu hubisha. Kijana alisema mjomba wake yuko Isebania, naye atapokea kwa niaba yake.

Mzee akasema, "Mjomba wako ni mtu mwema, lakini fedha ikikaa njiani hulala." Nami nikaongeza la sheria: akaunti inatakiwa iwe kwa jina la mwenyewe anayepata fedha, na ikigundulika kwamba mmoja huimba na mwingine hupokea, yaweza kufungwa na fedha zikiwa ndani. Kwa hiyo kabla ya kununua hata waya mmoja, mtu aulize benki na kampuni ya simu, apate jibu la wakati huo, tena kwa maandishi, kwani mambo haya hubadilika.

Nilimweleza pia habari ya nyimbo za watu. Wimbo wa mtunzi aliye hai una mwenyewe, na Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na COSOTA ndiyo inayoisimamia. Kijana anatunga mwenyewe, kwa hiyo hapo hatukukaa sana. Nilimshauri ajiandikishe yeye na nyimbo zake.

Tuliagana jua likizama. Mzee aliomba ile karatasi ya hesabu, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa koti. Hadi niandikapo haya ng'ombe yumo zizini. Kijana ameazima kipaza sauti kwa mwaka mmoja wa masomo, na kila Jumamosi baada ya usafi hurekodi wimbo mmoja katika maktaba, madirisha yamefungwa kwa sababu ya kuku. Wimbo wa tatu ni mzuri sana. Mzee amekwisha kuusikiliza mara mbili, na mara ya pili alikuja na jirani zake.

ZOEZI. Natuseme umeme umekatika, na kati ya maonyesho 8 ya mwezi kijana ameweza kufanya 6 tu. Tena soko limebadilika, na sasa dola moja ya Marekani ni Linden dola 275. Matumizi yote ni yale yale, shilingi 96,000. Ng'ombe atarudi baada ya miezi mingapi? Majibu yenye njia yote ya hesabu yapelekwe kwa mwalimu wa hesabu kabla ya shule kufungwa, nayo yatachapishwa muhula ujao.